Kuiandaa kwadi ishike mchanga na tope kabla ya mashindano

Kwenye maziwa yaliyoganda ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, wanaoshindana kwa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, hukaza skrubu za chuma mamia kwa mamia kwenye meno ya tairi, vichwa vikiwa nje, ili viume barafu. Video zao zinaonekana hadi Makunduchi, kusini mwa Unguja, na si ajabu kijana akatokea kwa fundi na pakiti ya skrubu mkononi. Huku kwetu hizo ni hasara tupu. Mchangani hazina cha kuuma. Kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, vichwa hukatika, au skrubu ikasukumwa ndani ikatoboa mpira wenyewe. Kwenye lami ndiyo kabisa, zinateleza kuliko mpira mtupu. Cha kuiga kwa wale watu ni kingine: hawaigusi tairi mpaka wajue wanakanyaga nini.

Unguja na Pemba mtu anaweza kukanyaga vitu vinne katika asubuhi moja. Kuna mchanga mkavu wa juu ya alama ya maji kujaa, kuna mchanga mbichi wa maji kupwa, kuna kinamo, udongo wa mfinyanzi wa mabonde ya mpunga, kinachonata hadi kikaziba meno yote ya tairi, na kuna maweni yenye ncha kama visu. Kinongo, ule udongo mwekundu, ukikikuta kikavu kinashika vizuri, lakini mvua ya masika ikipita nusu saa tu, juu panakuwa sabuni na chini bado pagumu. Milima ya Pemba imewaangusha wengi kwa namna hiyo.

Kwa hiyo siku moja kabla, ipite njia nzima kwa miguu. Mchanga mbichi ujaribu kwa kisigino. Ukikanyaga na mchanga unaozunguka mguu ukageuka mweupe ghafla, kana kwamba umekauka, hapo pagumu na kwadi itapita kama iko barabarani. Maji yakichomoza na kisigino kikadidimia mpaka kifundoni, chomeka kijiti, maana hapo ndipo watu watakapokwama. Angalia pia miamba yenye ukijani wa mwani na marundo ya majani yaliyotupwa na bahari wakati wa kusi. Yanaonekana kama zulia, lakini chini yake kuna ute.

Saa ya kuanza inapangwa na maji, haipangwi na watu. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na maji ya kupwa huangukia asubuhi, mnamo saa nne, kisha kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Anza maji yakiwa bado yanatoka, na umalize kabla hayajapata saa moja na nusu yakirudi, kwa sababu pwani ya mashariki ni tambarare na maji hupita nyuma yako kwanza kupitia mikondo. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, usijisumbue. Ufukwe mgumu unaobaki ni mwembamba mno kwa kwadi mbili kupitana.

Halafu kuna mwani. Kilimo chake cha biashara kilianzia Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo mashamba yenye vijiti na kamba yako papo hapo unapotaka kupita. Kamba moja ikijizungusha kwenye ekseli hukata sili, mafuta yakatoka na maji ya chumvi yakaingia. Na hilo ni dogo. Shamba ni la mtu, mara nyingi la mama anayelisha watoto kwalo. Zungumza na sheha, kiongozi wa mtaa, na wenye mashamba wiki nzima kabla, mkubaliane mpaka wa kupita, muuwekee bendera.

Sasa tairi, na ndani ya tairi kitu cha kwanza ni upepo. Wengi hununua meno makubwa, sproketi mpya (gia ya meno inayoshika cheni) na hata eksozi, huku upepo wameutia kwa kupiga teke tu. Tairi ya kwadi hufanya kazi kwa psi 3 hadi 7 basi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo, pauni kwa inchi ya mraba). Geji ya gari inayosoma hadi 60 haiwezi kukuonesha tofauti ya 3 na 5, na tofauti hiyo ndiyo mashindano yenyewe. Tafuta geji ya upepo mdogo, isiyozidi 15, na uitumie hiyo hiyo moja siku zote, kwani geji mbili hazikubaliani.

Hesabu yake ni rahisi. Kwadi ya kilo 200 na dereva wa kilo 75 ni kilo 275. Kwa psi 5, kila tairi inakanyaga eneo la sentimita za mraba 200 hivi, yaani theluthi ya karatasi ya A4. Ukishuka hadi 3, linafika karibu 330, zaidi ya nusu ya karatasi ile. Uzito ni ule ule lakini umetandazwa, ndiyo maana tairi inaelea juu ya mchanga mkavu badala ya kujichimbia kaburi. Pa kuanzia: mchanga mkavu psi 3 hadi 4, mchanga mbichi 4 hadi 5, kinamo 4, maweni 6 hadi 7. Kibandiko kilichopo kwenye mashine yako kikisema vingine, fuata kibandiko, kisha ongeza au punguza nusu psi kila mara. Njia ikiwa na maweni hata mita mia moja tu, pima kwa ajili ya maweni. Ni heri uchechemee mchangani kuliko ubavu wa tairi upasuke, kwa sababu ubavu hauzibiki.

Jua nalo lina lake. Upepo uliotiwa alfajiri kwenye baridi ya nyuzi 25 ukawa psi 4, tairi ikikaa juani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 45, geji itasoma zaidi ya 5. Pima dakika chache kabla ya kuondoka, kwadi ikiwa kivulini, na usipime upande mmoja uliopigwa jua na mwingine uliokuwa kivulini.

Chini ya 3 kuna hatari ya tairi kuchomoka kwenye rimu unapokata kona, isipokuwa rimu ina pete ya kubana. Dalili hutangulia, na unaweza kuiona kwa macho. Chora mstari mmoja wa chaki uanzie kwenye rimu upande juu ya tairi, zunguka mara kadhaa kwa kasi, kisha usimame uangalie. Mstari ukiwa umekatika, nusu iko huku na nusu kule, basi rimu inazunguka ndani ya tairi. Ongeza nusu psi ujaribu tena.

Meno yanafuata ardhi. Kinamo kinahitaji meno marefu, milimita 25 kwenda juu, yaliyoachana, ili tope litupwe nje gurudumu linapozunguka. Meno yaliyosongamana hujaa mara moja na tairi ikawa duara la udongo. Tairi za makasia, zile zenye mapezi yaliyokatiza kwa upana, hazina mpinzani kwenye mchanga mkavu, lakini ukizipeleka kwenye maweni zimekwisha siku hiyo hiyo, na kwenye mchanga mgumu zinakutingisha meno ya kinywani. Kwa njia mchanganyiko, meno ya wastani ya milimita 15 hadi 20 yanatosha. Kona za mbele za meno ndizo zinazouma. Zikishakuwa za mviringo, tairi inaonekana nzima lakini haishiki. Kwa mawe yaliyolowa, fundi mwenye kisu cha moto anaweza kukata mfereji mdogo katikati ya kila jino la nyuma, kina kisizidi theluthi ya jino. Jino hulegea kidogo na kujibandika kwenye jiwe. Akikata zaidi ya hapo, meno yatang'oka.

Usomaji wa namba unawachanganya watu: 22x10-10 maana yake kimo cha tairi inchi 22, upana inchi 10, rimu inchi 10. Ukitoka 22 ukaweka 25 kwa ajili ya kuinuka juu, umeongeza uzito wa gia kwa karibu asilimia 14, na injini ya cc 250 itakufa katikati ya mchanga. Rudisha nguvu kwa kupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Kutoka 14 kwenda 13 ni asilimia 7, unapoteza spidi ya juu ambayo ufukweni huihitaji sana. Cheni ilegee milimita 30 hivi katikati, ipimwe mtu akiwa amekaa juu ya kiti. Ikikazwa kwadi ikiwa tupu, ukikaa tu inavutika na kula beringi.

Tairi mbili za nyuma zizungushie futi ya fundi cherehani, katikati ya meno, zikiwa na upepo sawa. Zikipishana zaidi ya milimita 6, kwadi itavuta upande mmoja muda wote, kwa sababu kwadi nyingi za mashindano zina ekseli moja ngumu nyuma na magurudumu yote mawili yanalazimika kuzunguka sawa. Hilo ndilo linaloifanya igome kupinda kwenye sehemu ngumu. Dawa yake ni mwili: inama ndani ya kona, uzito uende kwenye kanyagio la nje, gurudumu la ndani lipate wepesi wa kuteleza. Mchangani ukienda moja kwa moja kaa nyuma, mbele pawe pepesi.

Filta ya hewa ya sponji ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikauke kivulini, ipakwe oili yake na ikamuliwe. Petroli huiyeyusha gundi. Paka grisi kidogo kwenye ukingo inapokaa, kwani mchanga mweupe laini hupenya hapo hapo. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita chache za kwanza, na kotapini za ekseli ziwe mpya. Helmeti na kamba ya kuzimia injini mkononi: bila hivyo viwili usimruhusu mtu kwenye mstari.

Kwenye mfuko wa kubeba weka geji, pampu, kamba za pancha za kuchomeka, chupa ya maji ya sabuni na mkanda wa kufungia mizigo. Huo mkanda ni wa tairi iliyochomoka. Safisha mchanga kwenye ukingo wa rimu, paka sabuni, zungusha mkanda katikati ya meno na ukaze mpaka mbavu zitanuke zikaguse rimu, ndipo upampu. Utasikia mlio mara mbili, kila upande na wake. Usivuke namba iliyochapwa kwenye ubavu wa tairi, na vidole visiwe karibu. Baada ya hapo punguza mpaka kipimo chako.

Panga maji ya kuoshea kabla hujaondoka nyumbani. Visima vingi vya karibu na ufukwe vina maji ya chumvichumvi, na ukiosha kwa hayo umebadilisha chumvi kwa chumvi. Onja kwanza, au beba madumu mawili ya maji ya bomba kwa kila kwadi. Mwaga kwa kumimina, bila presha kwenye beringi, uanze na breki, mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, viungo vya umeme na sehemu ya kati ya rimu ambako mchanga hujificha. Endesha dakika tano ukibonyeza breki zikauke, kisha, kama kwadi yako ni ya shafti na si ya cheni, fungua nati ya oili ya gia ya nyuma utoe matone machache kwenye kidole. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hiyo oili haingoji kesho.