Mtama kwa mashimo ya Chololo: mwongozo kwa mashamba ya Dodoma

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba upepo wa kaskazi unaposhika, huisha Aprili, na kusi ikishaanza kuvuma hutaona tone hadi mwisho wa mwaka. Kwa mwaka mzima tunapata milimita 500 hadi 600 hivi. Kwa mahindi ni kidogo, na kila mwaka nashangaa watu wanavyoyang'ang'ania. Kwa mtama inatosha, ila inanyesha kwa kishindo: saa moja ya mvua kubwa, maji yote yako korongoni, keshokutwa shamba ni vumbi. Halafu kati ya mwisho wa Januari na Februari jua hukatiza, wakati mwingine wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya kuyafanya maji yazame pale pale yalipoangukia.

Mashimo haya yalibuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, ndiyo maana yanaitwa hivyo. Yanafaa shamba lenye mteremko mdogo na udongo mwekundu au wa kichanga. Kwenye mbuga nyeusi inayotuamisha maji usichimbe, mtama utadumaa humo. Huko panda juu ya matuta.

1. Chimba kiangazi, kuanzia Julai

Wengi tumezoea kuberega: unaparua juu juu, unachoma mabua, unapanda vumbini. Ni haraka na haina gharama, lakini lile gamba gumu la chini linabaki kama lilivyo na maji yanateleza juu yake. Ugumu wa udongo wetu si hadithi. Waingereza walileta matrekta Kongwa mwaka 1947 kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Udongo na mvua viliwashinda, na mwaka 1951 mradi ukafungwa.

Unahitaji jembe, sururu na kamba ndefu yenye fundo kila sentimita 60. Mistari lazima ikate mteremko, isishuke nao. Kama huna kipimo cha kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, angalia mifereji midogo iliyoachwa na mvua ya mwaka jana, kisha vuta kamba kuikingama.

Kwenye kila fundo chimba shimo lenye upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Mstari hadi mstari acha sentimita 90. Udongo unaoutoa uweke upande wa chini wa shimo, uupinde kama mwezi mchanga, ili maji yanayoshuka yagote hapo na kurudi shimoni. Ukiutupa upande wa juu, mvua ya kwanza itausukuma wote ndani na kazi yako imekwisha.

Ekari moja inameza mashimo 7,400 hivi. Ndiyo, ni mengi. Anza na robo ekari, iliyo karibu na zizi ili samadi isikuchoshe, uongeze kila mwaka. Mashimo hayachimbwi upya kila msimu, unayazibua tu na kuongeza samadi.

2. Jaza, lakini usijaze mpaka juu

Tanguliza konzi ya majivu, kwa ajili ya mchwa. Juu yake weka samadi iliyooza vizuri, viganja viwili vilivyojaa, kisha mabua au majani makavu, halafu fukia kwa udongo laini. Shimo libaki na kina kama cha urefu wa kiganja. Nafasi hiyo ndiyo bwawa lako. Nimeona mashamba ambayo mtu amechimba vizuri kabisa kisha akayasawazisha na uso wa ardhi yapendeze. Hayo yamekuwa mapambo.

Samadi mbichi iache zizini. Inachoma miche na inaleta magugu.

3. Mbegu

Chagua mbegu ya mtama iitwayo Macia. Ni fupi, punje nyeupe, hukomaa kwa karibu miezi minne, na wanunuzi wa viwanda vya bia wanautaka mtama mweupe. Kama shamba lako lina historia ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, tafuta Hakika au Wahi, hizo zinakivumilia. Angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye mfuko. Mbegu hizi si chotara, kwa hiyo mwakani unaweza kupanda ulizochagua mwenyewe kwenye masuke bora. Ila zichanganye na dawa ya ukungu kabla ya kupanda, la sivyo ugonjwa wa fugwe utageuza masuke yako kuwa masizi.

4. Kupanda

Fuatilia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha ukubaliane na majirani. Hili la majirani nitalirudia kwenye sehemu ya ndege waharibifu. Kwenye mashimo sipandi vumbini. Subiri mvua inayojaza mashimo, acha maji yanywewe, kesho yake ingia shambani. Chomeka kidole ndani ya shimo: ukikuta unyevu mpaka kwenye kifundo cha pili, panda. Weka punje tano au sita, kina cha sentimita tatu hadi nne, fukia kwa udongo mwepesi.

Wiki ya pili au ya tatu, udongo ukiwa na maji, punguzia ibaki miche miwili au mitatu kwa shimo. Iliyong'olewa ikiwa mizima rudishia kwenye mashimo yenye mapengo. Inayobaki usiwatupie mbuzi wala ng'ombe. Mtama mchanga una sumu ya sianidi, na mnyama mwenye njaa anaweza kufa nao muda mfupi baada ya kula. Hata machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya mavuno yana hatari hiyo hiyo, kwa hiyo waambie vijana wanaochunga.

5. Palizi na wadudu

Palilia mara mbili, wiki ya tatu na ya sita hivi, bila kubomoa ile kingo ya mwezi. Kiduha king'oe kabla hakijatoa mbegu, maana mmea mmoja hutoa maelfu na hukaa ardhini miaka. Viwavijeshi vamizi utawajua kwa kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mmea, wawahi asubuhi.

6. Ndege

Hapa ndipo msimu unapopotea. Kwelea kwelea huja kwa makundi punje zikiwa bado maziwa, na hawaondoki mpaka zikauke. Ukipanda peke yako mapema, wote watakula kwako. Ukichelewa, wataishia kwako. Mkipanda eneo zima kwa wiki moja, hasara inagawanyika. Jenga dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, tafuta makombeo, pangeni zamu za kuamia, yaani kufukuza ndege, tangu alfajiri na tena jioni, kwa sababu mchana wa jua kali ndege nao hupumzika. Mkiona mazalia yao kwenye miiba, mwambieni afisa kilimo mapema, maana kuwanyunyizia dawa ndege hao ni kazi ya serikali na kunachukua muda kupangwa.

7. Kuvuna na kuhifadhi

Chomoa punje kutoka katikati ya suke uitazame kitakoni. Ukiona doa jeusi, imekomaa, haihitaji kuendelea kuwasubiri ndege. Kata masuke, yaanike kwenye kichanja au turubai, kamwe si chini; mchanga ukishaingia, hakuna kupeta kutakakouondoa, na ugali wake utausikia kwenye meno.

Baada ya kupura, pima ukavu hivi: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani, rudisha juani. Ikikauka, jaza mifuko ya kinga njaa ile yenye plastiki mbili ndani. Kamua hewa, funga mfuko wa kwanza peke yake, kisha wa pili, kisha wa nje. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usiufungue ovyo kuchota cha kusaga, kwa sababu kila ukifungua unawapa wadudu wa ghalani hewa. Cha kula mwezi huu weka pembeni kwenye gunia la kawaida.