Somo: Bustani ya baraza kwenye mji wa mawe, pamoja na paka wawili

Huku Goma udongo tunaununua kwa gunia, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inauleta hadi mlangoni. Ukipiga jembe chini linalia tu, maana chini ni lava, na ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Kwa hiyo mpangaji mwenye baraza la mita mbili kwa tatu akisema anataka bustani, watu wanacheka. Mimi walinicheka. Leo nina bidoni saba, yaani madumu ya plastiki, na lenga-lenga yangu, yaani mchicha, tunaila mara mbili kwa wiki.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Nilipanda jioni, asubuhi nikakuta shimo katikati, kitu kimefukiwa kwa adabu kabisa, na paka wangu Patroni ameketi pembeni anajilamba mguu. Nilimfokea bure. Kwake udongo mlaini, mkavu, usio na kitu juu yake ni choo, na aliyemtengenezea ni mimi mwenyewe. Dawa nilikuja kuiona barabarani: vile vijiwe vyeusi vya volkeno vyenye vitundu kama mkate, tunavyovikanyaga kila siku.

Hatua ya 1: bidoni. Tafuta bidoni ya njano ya lita 20 iliyopasuka. Nzima usiiguse, unajua shida ya maji. Iwe ilibeba maji au mafuta ya kupikia. Ya mazuti (dizeli) achana nayo. Ilaze, kata ubavu wa juu kwa kisu cha moto, toboa matundu sita chini kwa msumari wa moto, kisha iinue juu ya mawe mawili ili maji yatoke.

Hatua ya 2: udongo. Makopo mawili ya udongo, moja la samadi ya mbuzi iliyooza hadi haina harufu, moja la vijiwe vidogo vya volkeno. Changanya vyote. Wengi wanamwaga tabaka la mawe chini ya bidoni wakidhani maji yatapita vizuri. Unapoteza nafasi ya mizizi tu.

Hatua ya 3: mbegu. Za lenga-lenga ni kama vumbi. Zichanganye na mchanga mkavu, nyunyiza kwa mistari miwili, funika kidogo sana. Seleri na kotimiri zinakwenda vizuri pia, na hazimdhuru paka.

Hatua ya 4: vijiwe juu. Hapa ndipo watu wanafanya haraka na kuharibu. Changarawe haisaidii, paka anaifukua akifurahi. Chagua mawe ya ukubwa wa limau, yenye kingo za kukwaruza, uyapange yakigusana kati ya mistari na pembeni yote, ukiacha wazi ule mstari wa mbegu tu, upana wa kidole. Paka ataweka mguu, atageuza jiwe moja, atakuangalia, ataondoka. Faida nyingine: udongo haukauki upesi, na mvua kubwa hairushi matope kwenye majani. Wakati wa jua la Juni hadi Agosti hiyo ya kwanza utaipenda zaidi.

Hatua ya 5: choo chake. Ukimfungia mlango mmoja, mfungulie mwingine. Beseni pana, mchanga vidole vinne, mbali na chakula chake. Toa uchafu kila siku, na usiutie kamwe kwenye mbolea ya mboga: uchafu huo unaweza kubeba ugonjwa wa toksoplasmosi. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa Himbi: Jirani ameniambia nimwage pilipili ya unga, au naftalini. Ni kweli?*
Hapana, mama. Pilipili inashika kwenye nyayo, akijilamba inamuunguza mdomo na macho. Naftalini ni sumu kwake. Kama mawe hayatoshi, okota vijiti vya brosheti (mishkaki), vioshe, vichomeke wima kila vidole vitatu, ncha kali ikiwa chini.

*Kaka wa Katindo: Nina maua ya arumu barazani. Nimesikia yungiyungi linaua paka.*
Hayo ni mawili, kaka. Arumu ikitafunwa inachoma mdomo, paka anatoka mate, mara nyingi inaishia hapo. Yungiyungi la kweli, lile la kwenye shada za harusi, linaharibu figo. Hata unga wake ukimwangukia kwenye manyoya akaulamba, hata maji ya chombo chake. Lisiingie nyumbani. Mkimwona amelila, kimbieni kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, msingoje dalili. Vitunguu vya aina zote pia msimpe, hata mabaki ya mchuzi.

*Dada wa Keshero: Majani yangu yamepata madoa ya kuungua baada ya mvua. Ni mkojo wa paka?*
Angalia mimea ya jirani kwanza. Kama nayo ina madoa, shuku moshi wa volkeno: ukielekea upande wenu, mvua inashuka na asidi. Funika kwa plastiki mvua inapoanza, na mimea ikilowa isuuze kwa maji safi.

*Ndugu wa Ndosho: Paka wangu anakula majani kisha anatapika. Nimzuie?*
Akitapika mara moja moja, hapana. Ni kawaida yao. Mpandie ngano kwenye kopo la maziwa, baada ya wiki moja hivi ataacha seleri yako. Akitapika kila siku, hilo ni la daktari.

*Mama wa Majengo: Wangu hachimbi. Analala tu juu ya mboga, zote zimelala naye!*
Huyo mpe bidoni yake, mama, yenye udongo mkavu na gunia kuukuu, mahali jua la asubuhi linapofika. Kwetu bidoni ya saba haina mboga. Mei 2021, volkeno ilipolipuka tukakimbilia Sake, paka wetu wa pili, Kadogo, tulimbeba ndani ya kikapu, Patroni hakuonekana. Tuliporudi lenga-lenga ilikuwa imekauka yote, na yeye alikuwa humo, amejikunja. Alifungua jicho moja. Nilimletea sambaza, vile visamaki vya ziwani.