Jinsi ya kupanda rudibekia hapa Maryland

Ukipita barabarani Julai utayaona tu maua ya rudibekia, yaani black-eyed Susan: petali za manjano na kitovu cha kahawia kilichokolea hadi kinaonekana cheusi. Ni ua rasmi la jimbo letu tangu 1918, na mimi sijaona ua lingine linalochangamsha uwanja namna hii.

Mbegu zake ni ndogo sana. Zimwage juu ya udongo mwishoni mwa Aprili, uzikandamize kwa kiganja, basi. Usizifukie, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Pawe mahali pa jua la kutosha, na mbolea achana nayo. Ukiurutubisha udongo mno, mashina hulegea na kulala chini.

Mwaka wa kwanza huenda ukapata majani tu, yenye vinyweleo vinavyokwaruza kama ulimi wa paka. Usiyang'oe, tafadhali! Mwaka unaofuata maua yatachanua kuanzia Juni. Kata yaliyonyauka yaje mengine, ila ya mwisho wa msimu yaache: chiriku hupenda mbegu zake.

Wengi huliona kuwa ua la kutiana moyo, ndiyo maana mgonjwa hupelekewa hili. Ukitaka kuyaweka kwenye chombo cha maua, yakate asubuhi, toa majani yanayogusa maji, na ubadilishe maji kila siku.