Ombi la fedha za kukarabati hosteli za chuo: liandae hivi

Nilikuwa mkadiriaji majenzi katika idara ya milki ya chuo kikuu cha umma mpaka nilipostaafu. Kazi iliyonichukulia muda kuliko zote ilikuwa kuyaombea fedha majengo yaliyochakaa, hasa hosteli, maana humo ndimo watoto wa watu wanalala. Haya nawaandikia maofisa milki, washauri wa wanafunzi na wahandisi vijana waliokabidhiwa faili la hosteli mbovu na kuambiwa waandae andiko kabla ya Ijumaa.

Kwanza elewa unashindana na nini. Jengo jipya lina jiwe la msingi, lina mgeni rasmi, lina picha gazetini. Bomba jipya lililofukiwa ukutani halina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo andiko la ukarabati lazima lioneshe kwa hesabu chuo kinapoteza nini kila mwaka jengo likiachwa lilivyo. Likishindwa hapo, hata barua iandikwe kwa unyenyekevu namna gani, haitapita.

Majengo mengi ya vyuo vyetu yamezeeka kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani mwaka 1964 kutoka Mtaa wa Lumumba, na mabweni yake ya mwanzo ni ya miaka hiyo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kilirithi Mazimbu, makazi na shule ambazo ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilianza kuwajengea Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni mwishoni mwa miaka ya 1970, zikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Zege, mabomba na nyaya za enzi hizo vinafika mwisho wake kwa wakati mmoja. Ndiyo maana fundi akiziba ghorofa ya pili, wiki inayofuata panavuja ya kwanza.

Hesabu vitanda

"Block C ni chakavu sana na linahitaji ukarabati mkubwa." Ofisa bajeti aliyeko Dodoma ameisoma sentensi hiyo kutoka kila chuo nchini, na hataiona Block C maisha yake yote. Anachoweza kulinganisha ni kitanda. Mwambie jengo lilisanifiwa kwa vitanda vingapi, leo wamepangiwa wanafunzi wangapi, na vyumba vingapi vimefungwa kwa sababu ya kuvuja.

Chukua mfano wa hosteli ya vyumba 96 iliyosanifiwa kwa wanafunzi wawili kila chumba. Hao ni 192. Leo kila chumba kina vitanda vinne, yaani 384 kwa orodha rasmi, na bado hujahesabu wanaobebana kitanda kimoja. Vyoo, chemba na shimo la maji taka vilipimwa kwa watu 192. Hapo umeshaeleza kwa nini chemba zinafurika, bila kumlaumu mtu. Nasisitiza hili kwa sababu nimesoma maandiko mengi yanayosema wanafunzi wameharibu miundombinu. Hoja hiyo si ya haki, halafu inakuangusha mwenyewe: msomaji atajiuliza kwa nini atoe fedha kwa kitu kitakachoharibiwa tena.

Baada ya hapo gawa gharama ya ukarabati kwa idadi ya vitanda, uiweke kando ya gharama ya kitanda kipya. Kuna takwimu moja ambayo mtu ataitaja kikaoni, kwa hiyo jiandae nayo. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, zilitangazwa kugharimu shilingi bilioni 10 kwa wanafunzi 3,840. Ni kama shilingi milioni 2.6 kwa kitanda. Lakini zilijengwa na Wakala wa Majengo Tanzania juu ya ardhi ya chuo, kwa bei za wakati ule. Usiikwepe takwimu hiyo. Weka bei ya leo ya kitanda kipya pamoja na barabara, maji, umeme na maji taka, kisha weka yako pembeni. Kwa mtazamo wangu, ukarabati ukivuka nusu ya bei ya kitanda kipya, andiko lieleze wazi kwa nini usibomoe. Swali hilo litaulizwa tu, na ni bora liulizwe na wewe.

Ukaguzi ufanyike mvua ikinyesha

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mwongozo wa mpango na bajeti hutolewa na Hazina karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda, na kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio: idara, menejimenti, Baraza la Chuo, wizara, kisha Bunge kuanzia Aprili hadi Juni. Mwenye kuanza kukagua majengo baada ya mwongozo kutoka anaandika kwa kukisia.

Pwani na Morogoro, kagua wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa ajili ya bajeti itakayoanza Julai ya mwaka unaofuata. Rudi wakati wa vuli kuhakikisha. Kwa vyuo vya Dodoma, Iringa na Mbeya, mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, hivyo una nafasi moja tu kwa mwaka. Paa likikaguliwa Agosti huonekana zima.

Usiende peke yako. Mtafute fundi bomba wa siku nyingi, yule anayejua koki kuu imefukiwa wapi, kwa sababu ramani za jengo lilivyojengwa mara nyingi zimepotea. Zungumza na wanaosafisha vyoo, watakwambia choo kipi hakijavuta maji tangu muhula uliopita. Waulize wanafunzi wa kila ghorofa maji yanatoka saa ngapi.

Kagua kuanzia juu. Paa, mifereji ya mvua, kisha zege. Gonga dari na mihimili kwa nyundo ndogo. Pakilia kwa sauti ya mvungu, mara nyingi nondo zilizo ndani zimeshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, kwa hiyo inasukuma zege mpaka linabanduka. Karibu na bahari chumvi inaharakisha jambo hilo, na ukipaka plasta juu unaficha tu. Hapo mwite mhandisi wa miundo aandike ripoti yake na kuitia saini, uiambatishe. Ripoti hiyo inageuza ombi lako kutoka suala la mwonekano kuwa suala la usalama.

Kwenye umeme, hesabu soketi na vifaa vinavyotumika. Chumba kilichowekewa taa moja na soketi moja sasa kina kompyuta nne, simu nne na hita ya kuchemshia maji. Nyaya zinapata moto ndani ya ukuta usiku wakati vijana wamelala. Omba ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na matokeo yake yawe kiambatisho cha kwanza.

Paa la vigae vya asbesto lipewe mstari wake wa gharama. Vikivunjwa kwa nyundo hutoa vumbi lenye nyuzi zinazosababisha saratani miaka mingi baadaye, na anayelivuta ni kibarua. Wasiliana na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, mapema kuhusu uondoaji na mahali pa kuvifukia.

Kila kasoro ipigwe picha yenye tarehe na futi ya kupimia ndani ya picha, pamoja na namba ya chumba. Na inapowezekana peleka kitu chenyewe. Tuliwahi kukata kipande cha bomba la chuma la hosteli ya wasichana na kukiweka mezani kwenye kikao cha kamati ya mipango. Kutu ilikuwa imelijaza hadi tundu lililobaki halipitishi kidole. Wajumbe walikipokezana, na mjadala wa kwa nini hatununui pampu kubwa zaidi ukaisha.

Fedha zitoke wapi

Tengenezo dogo la mwaka hadi mwaka liende matumizi mengineyo, yaani bajeti ya uendeshaji, au mapato ya ndani. Ukarabati mkubwa ni mradi wa maendeleo na kwa vyuo vilivyo chini ya Wizara ya Elimu utapita Fungu 46, yaani fungu la bajeti la wizara hiyo. Usivichanganye katika andiko moja, utarudishiwa. Miradi ya wafadhili ina malengo yaliyoandikwa tayari. Mradi wa HEET, kwa mfano, ambao Benki ya Dunia iliutengea dola milioni 425 kuanzia 2021, uliundwa kwa ajili ya elimu ya juu kuchangia uchumi, na ombi la vyoo linalotupwa humo bila kuonesha uhusiano wowote na lengo hilo linapoteza muda wa kila mtu.

Kama ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imewahi kugusa majengo yenu, nukuu hoja yenyewe na ukurasa wake. Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za taasisi, anatakiwa kujibu hoja za ukaguzi, kwa hiyo andiko lako linakuwa sehemu ya jibu lake.

Vipengele vinavyosahaulika

BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa pamoja na gharama zake, ya jengo la zamani si sawa na ya jengo jipya, kwa sababu ukifungua ukuta unakuta mambo. Mimi nilikuwa naweka dharura ya asilimia 10 hadi 15 na kueleza kwa sentensi mbili kwa nini. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iwemo. Ada ya wataalamu iwemo. Njia za viti mwendo na vyoo vinavyofikika viwemo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai hivyo.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni mahali watakapolala wanafunzi kazi ikiendelea. Ukifunga bweni la vitanda 384 katikati ya muhula bila mpango, unawasukuma mitaani kwenye vyumba vya kupanga, na wanaoumia ni wale waliotegemea mkopo. Kwa hiyo kazi ipangwe likizo ndefu, kuanzia Julai hadi chuo kinapofunguliwa Oktoba au Novemba, kipindi ambacho kwa bahati nzuri ni kiangazi. Dirisha hilo ni fupi. Michoro, BOQ na nyaraka za zabuni zigharamiwe na mapato ya ndani na zikamilike kabla ya Juni, na mradi uwemo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka ndani ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. La sivyo mkandarasi ataingia eneo la kazi siku moja na wanafunzi na mvua ya vuli.

Gawa mradi kwa awamu ambazo kila moja inaacha jengo linalokalika. Mara nyingi utapewa pungufu ya ulichoomba, na ni afadhali uamue wewe mapema kitakachobaki. Ukipewa nusu, usipake rangi block zote. Maliza block moja: paa, mabomba, maji taka, umeme, kwa mpangilio huo, na rangi mwisho kabisa. Kisha piga picha kutoka pale pale ulipopiga za ukaguzi, andika vitanda vingapi vimerudi kutumika na kwa shilingi ngapi kila kimoja, uipeleke ripoti wizarani kabla mwongozo wa bajeti inayofuata haujatoka.