Mbwa wako wa kuwindia kavuka mpaka wa shamba la mtu: ufanyeje (JIMBO LA VIRGINIA, MAREKANI, TU)

Msimu wa kulungu ukifunguliwa tu, simu ni zilezile. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Kola iwe na namba yako ya simu.

2. Mwachilie mbwa kwenye ardhi uliyoruhusiwa. Ukimwachilia makusudi kwenye ardhi ya mtu yenye mabango ya kukataza, hilo ni kosa la jinai.

3. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kifungu 18.2-136 cha sheria za Virginia kinakuruhusu kuingia kumchukua mbwa hata kama mwenye ardhi hataki, mradi mbwa alianza kumfukuza mnyama kwenye ardhi nyingine. Wawindaji wa mbweha na rakuni wanaruhusiwa hata kuwafuata mbwa wao. Wewe wa kulungu au dubu unaingia kuchukua mbwa, basi. Bunduki huingii nayo. Upinde pia. Usiniambie "ilikuwa begani tu", begani ni mwilini. Kulungu akikatiza mbele yako humo, mwache apite. Wenye mashamba wameshaifikisha sheria hii mahakamani wakitaka ifutwe, kwa hiyo usiwaongezee hoja.

4. Gari libaki nje, labda mwenyewe akuruhusu. Pikipiki ya magurudumu manne nayo ni gari.

5. Mwenye ardhi akikuuliza wewe nani, jitambulishe. Ukikataa, faini hadi dola 250.

6. Mfunge kamba, toka.

MASWALI

Kijana_wa_Roanoke: Mkuu, na bunduki isiyo na risasi je?
– Soma namba 3.

Kijana_wa_Roanoke: Nimesoma, ila haijasema kuhusu risasi.
– Ndiyo maana yake. Bunduki ni bunduki.

Baba_Neema: North Carolina je?
– Kichwa cha habari kinasemaje?

Mama_Mbuzi: Kaka, mimi niko upande wa pili, nina shamba. Mbwa wanakuja, mbuzi wanatawanyika. Naweza kumvua mbwa ile kola ya GPS (inayoonyesha mbwa alipo) ili mwenyewe apate adabu?
– Dada, usiiguse kabisa. Kuivua ili mwenyewe asimpate mbwa wake ni kosa la daraja la 1: jela hadi miezi 12, faini hadi dola 2,500. Weka mabango mpakani, piga picha, andika tarehe na saa, kisha waite askari wa wanyamapori wa jimbo. Wakiona ni mtu yuleyule anaachilia mbwa ndani ya mabango, hapo una kesi. Na Jumapili kuwinda kulungu au dubu kwa mbwa ni marufuku, ukiwasikia siku hiyo piga simu papo hapo.

Mama_Mbuzi: Asante. Kumbe kola ndiyo ingenifunga mimi!

Fundi_Kola: Mbwa asipoonekana hadi usiku, acha koti lako pale ulipomwachilia. Asubuhi mara nyingi unamkuta kalilalia.
– Kweli. Acha na maji.