Usukani Unaoteleza Ndani ya Vibano: Namna ya Kuutengeneza kwenye Pikipiki za Njia Mbovu

Usukani wa pikipiki ya njia mbovu, au wa ile ya magurudumu manne, ukianza kushuka kila dereva anaposimama kwenye vikanyagio na kuuegemea, wengi hukimbilia spana ndefu na kuzidi kukaza bolti. Mara nyingi hapo ndipo kasoro ndogo inapogeuka kuwa kubwa, kwa sababu tatizo huwa si ulegevu wa bolti peke yake. Kinachokosekana ni msuguano kati ya bomba la usukani na kibano, yaani kishikizo chenye nusu mbili, ya juu na ya chini, zinazofungwa kwa bolti, na nguvu ikiongezwa bila kujua msuguano huo umepotelea wapi, bolti huvutika, hesi (mifereji ya mzunguko kwenye bolti na tundu lake) huliwa na usukani huendelea kuteleza vilevile.

Anza kwa kuthibitisha ni kitu gani hasa kinachocheza. Kwa rangi au kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mwembamba unaotoka kwenye kibano cha juu na kuvuka hadi kwenye bomba la usukani, kisha chora mwingine unaounganisha kibano cha chini na bamba kinachokalia. Simama kwenye vikanyagio, kandamiza usukani kwa uzito wako, kisha uvute juu. Mstari wa kwanza ukikatika, usukani unateleza ndani ya vibano. Ukikatika wa pili, bolti zinazoshikilia kibano cha chini kutoka upande wa chini zimelegea. Ikiwa mistari yote miwili imebaki mizima na bado unahisi usukani ukicheza na kurudi wenyewe, angalia bushi za raba, yaani vipande vya mviringo vya kupunguza mtetemo vilivyo chini ya vibano, kwani raba iliyochoka huuyumbisha usukani wote hata kama vibano vimekaza sawasawa; dawa yake ni bushi mpya. Wapo wanaoweka bushi za alumini badala ya raba, nao hupata usukani imara kwa gharama ya mtetemo mwingi zaidi mikononi.

Kabla ya kulegeza chochote, angalia mwanya ulio kati ya kibano cha juu na cha chini, mbele na nyuma. Hiki ndicho kipimo chenye habari nyingi kuliko vyote, na ajabu ni kwamba wachache hukitazama. Kibano hubana bomba kwa sababu nusu zake mbili bado zina nafasi ya kusogeleana. Nusu hizo zikigusana pande zote mbili, nguvu yote unayoongeza huishia kwenye chuma kinachosukuma chuma kingine, na usukani haupati chochote. Vibano vingi vya juu vina alama ya nukta au mshale unaopaswa kuelekea mbele. Kwa aina hiyo, kwa kawaida bolti za mbele hukazwa kwanza mpaka nusu zigusane, kisha za nyuma, ili mwanya ubaki nyuma tu. Aina nyingine hutaka mwanya ulio sawa mbele na nyuma, na bolti zake hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana. Kitabu cha mtengenezaji wa chombo ndicho kinachoamua. Kibano kilichogeuzwa mbele nyuma hushika vibaya hata kikiwa kipya, na hilo ni jambo la kurekebisha kwa dakika chache bila kununua kitu.

Mwanya ukiwa umefungwa pande zote, pima kipenyo cha bomba. Vipimo viwili ndivyo vilivyoenea, milimita 22.2 na milimita 28.6, na bomba jembamba haliwezi kushikwa na kibano cha bomba nene bila kola maalumu za kujaza nafasi. Pima katikati, pale hasa kibano kinapokaa, kwa sababu usukani mnene huwa na milimita 28.6 hapo katikati tu, kisha hupungua hadi 22.2 kwenye mishikio. Anayepima mwishoni mwa usukani hudanganyika. Kama kola zipo, ufa wa kola, yaani mpasuo ulioachwa makusudi, uelekezwe kwenye mwanya wa kibano. Ufa ukigeukia kwingine, kola haiwezi kujikunja vizuri kulizunguka bomba.

Vipimo vikiwa sahihi na mwanya bado umefungwa, kibano au bomba limelika. Baadhi ya mafundi hupiga tupa nyuso za kibano ili kurudisha mwanya. Kazi hiyo huleta nafuu, lakini tundu halibaki duara, hivyo kibano hushika bomba kwenye mistari miwili myembamba badala ya kulikumbatia lote, na bomba la alumini huingia makovu hapohapo. Kwa maoni yangu ni afadhali kununua vibano vipya, tena vyote kwa pamoja. Kuhusu ukanda wa kopo la soda unaozungushwa kwenye bomba, huo ni wa kukufikisha nyumbani tu, kwani bati lenyewe huteleza, hukunjamana na kubana sehemu moja kuliko nyingine.

Ikiwa mwanya upo kama inavyotakiwa, kosa kwa kawaida liko kwenye nyuso zinazogusana. Funika tangi kwa kitambaa kizito, legeza bolti zote kidogo kidogo, kisha uutegemeze usukani usining'inie kwa kebo zake. Kikopo cha mafuta ya breki kibaki wima ili hewa isiingie kwenye mfumo. Sasa tazama ndani ya kibano chini ya mwanga mkali. Vibano vingi vina chale ndogondogo zilizochongwa ili ziume bomba. Zikiwa nzima utaona kingo zake na ukipitisha ukucha utakwama. Zikiwa zimejaa, utaona uso wa kijivu unaong'aa, laini kama kioo, kwa sababu unga wa alumini umesagwa pamoja na vumbi na mafuta ya mnyororo ukaziba kila mfereji. Uchokonoe unga huo kwa sindano, upige brashi ya waya wa shaba, kisha safisha kibano na bomba kwa dawa ya kusafishia breki au spiriti safi mpaka kitambaa cheupe kitoke bila doa. Petroli si chaguo zuri, maana huweza kuacha utando wa mafuta. Rangi iliyopakwa ndani ya tundu la kibano nayo iondolewe kwa msasa.

Bomba lenyewe likiwa limelainika, lipitishie msasa mwepesi, na mikwaruzo ifuate urefu wa bomba, isilizunguke. Mikwaruzo ya urefu hupingana na mzunguko unaotaka kuuzuia. Ile inayolizunguka bomba haizuii kitu, tena inaweza kuwa mwanzo wa ufa, kwa sababu usukani hupinda juu na chini na ufa wake hukata kuvuka bomba. Unaweza pia kupaka utando mwembamba wa krimu ya msuguano, ile yenye chembe ngumu ambayo mafundi wa baiskeli hutumia kwenye sehemu za kaboni. Grisi isiguse eneo hili hata kidogo.

Bolti nazo zina hila zao. Nyingi ni za milimita 8, na iliyovutika hujulikana ukiilaza kando ya mpya yenye hesi ileile: hesi za moja zinapaswa kuingia kwenye mifereji ya nyingine kwa urefu wote, na mwanga ukionekana katikati, itupe. Kisha angalia tundu. Mengi hayatoboki upande wa pili, na tope lililokauka chini yake huifanya bolti ifike mwisho kabla kichwa chake hakijakibana kibano, hivyo spana hukuambia imekaza ilhali kibano kiko huru. Toa uchafu kwa sindano na hewa. Hesi za tundu zikiwa zimeliwa, zitengenezwe upya kwa kuingizwa koili ya chuma yenye kipimo kilekile, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye vifaa vyake. Kulazimisha bolti nene zaidi hudhoofisha kuta za kibano.

Unaporudisha usukani, ulinganishe katikati kwa kutumia alama zilizochorwa juu yake, uweke kwenye pembe inayokufaa ukiwa umesimama, kisha kaza kwa hatua ndogo kwa spana inayopima nguvu. Kwa bolti za milimita 8 kwenye vibano vya aina hii, vitabu vingi hutaja kati ya Newton-mita 20 na 28, ila kipimo cha chombo chako ndicho cha kufuata. Hesi ziwe safi na kavu isipokuwa kitabu kimeagiza vingine, kwa sababu bolti iliyopakwa mafuta huvutika zaidi kwa nguvu ileile ya spana. Washa injini ikiwa gia huru, geuza usukani mpaka mwisho wa kila upande, na usikilize. Mngurumo ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta, ile inayoongeza kasi ya injini, inavutwa na haina budi kupangwa upya kabla ya safari.

Chora mistari mipya, uikague baada ya safari ya kwanza, na upime bolti tena. Usukani wenye ufa, uliopinda, au wenye kovu la kina kwenye ukingo wa kibano hautengenezwi, hubadilishwa, na kuuchomelea kwenye kibano ni hatari isiyo na kisingizio. Uliozunguka mara moja tu kwa sababu ya kuanguka vibaya ni jambo jingine: huenda kuteleza huko ndiko kulikouepusha kupinda, kwa hiyo legeza, nyoosha, kagua bomba, kaza kwa kipimo, na usitafute ugonjwa mwingine.