Usiombee Lililokwisha Kuamriwa

Makanisani kuna neno linaloficha mengi: "Naliombea." Mtu akiulizwa atamlipa lini fundi aliyemjengea, analiombea. Akiambiwa akapatane na shemeji yake, analiombea hilo nalo. Kwa hiyo kabla ya kupiga magoti, jiulize: jambo hili Maandiko yameshalitolea amri, au limeachwa wazi? Kuhamia mji mwingine, kuchagua kati ya kazi mbili za halali, hayo yako wazi; omba hekima kama Yakobo 1:5 inavyoelekeza. Kulipa deni, kusamehe, kuacha hawara: amri ilishatoka. Hapo unaomba nguvu ya kutenda, huombi ishara.

Soma Yoshua 7. Israeli wamepigwa katika mji wa Ai, watu wapata 36 wamekufa, na Yoshua ameanguka kifudifudi mbele ya sanduku la agano mpaka jioni. Jibu analopewa ni kwamba ainuke. Hemani mwa Akani, Mwisraeli aliyeiba nyara zilizokatazwa, kulikuwa na vazi, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, vyote vimefukiwa. Kuomba kwake hakukuwa kosa, ila kazi ya saa ile ilikuwa kumtafuta aliyeiba.

Kwa ibada ya binafsi, nusu saa yatosha. Dakika 10 za kwanza soma aya 8 hadi 12, mara mbili, polepole, ukitafuta kitenzi cha amri. Mathayo 5 hadi 7, Warumi 12, Waefeso 4 na waraka wa Yakobo zimejaa vitenzi hivyo, anza huko. Dakika 5 nyamaza. Kisha andika daftarini sentensi moja yenye mtu, tendo na saa. "Nitakuwa mpole zaidi" haifai, maana hakuna siku utakayojua kama umeitimiza. "Leo kabla ya saa 12 jioni nitampigia dada simu nimwombe radhi kwa maneno ya Jumapili" inafaa. Ombea sentensi hiyo kwanza, ndipo ufuate na mahitaji mengine. Kesho yake anza kwa kuikagua. Kama hukutenda, usiandike nyingine juu yake, rudia ileile.

Mambo mawili huwakwamisha watu kuliko yote.

La kwanza ni upatanisho. Marko 11:25 inamhusu aliyekukosea wewe: msamehe ukiwa umesimama palepale unaposali. Mathayo 5:23-24 inageuza upande: ndugu yako ndiye mwenye neno juu yako, na sadaka inaachwa mbele ya madhabahu mpaka umwendee. Wengi hufanya la Marko na kuliruka la Mathayo. Ukienda, litaje kosa kwa jina lake, bila "kama nilikukosea", wala usimdai jibu siku hiyohiyo. Kama mtu huyo ni mkali wa kupiga, usiende peke yako. Kusamehe si kurudi chini ya ngumi yake.

La pili ni mali ya watu. Walawi 6 inataka kilichochukuliwa kirudi pamoja na sehemu ya tano juu yake: aliyechukua 50,000 anarudisha 60,000, kwa mwenye mali, ndipo aende na sadaka yake. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, alijitolea kurudisha mara nne. Mkristo hapangiwi kiwango kwa sheria hiyo, lakini kurudisha pungufu ya ulichochukua ni kuanza wizi upya. Na sadaka nono kanisani haifuti deni la mwenye duka.

Waume wasipite 1 Petro 3:7 haraka: kutomheshimu mke kunatajwa pale kuwa kizuizi cha maombi.

Sasa jihadhari na kosa la upande wa pili. Utii haununui majibu. Yule Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka, akaondoka bila kuhesabiwa haki. 1 Yohana 3:22, inayosema twapokea tuombalo kwa kuwa twazishika amri zake, isomwe pamoja na 5:14, "sawasawa na mapenzi yake". Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondoke, haukuondoka. Yesu aliomba mara tatu Gethsemane, na hakuna aliyetii kumzidi. Basi usimwendee mgonjwa ukimwambia atafute dhambi iliyofichika. Yohana 9:3 imelikataa hilo. Wewe mwenyewe ukijipima kwa Zaburi 66:18, kwamba Bwana hasikii moyo unaokumbatia uovu, dakika zile 5 za kunyamaza zitoshe. Dhambi halisi huwa na jina, na mara nyingi na tarehe. Usipoiona, endelea kuomba.

Ukiona sentensi ileile imerudi daftarini siku nne mfululizo, acha kuiandika. Mwonyeshe mzee wa kanisa au rafiki mmoja asiye na mdomo, mpange siku, aende nawe.